Dawa Hii Usimeze: Kwa Nini Kupaza Sauti Hakumsaidii Asiyesikia Vizuri

"Dawa hii ni ya kusukutua, usimeze." Mfamasia huisema sentensi hii mara nyingi kwa siku, akiwa nyuma ya kioo chenye tundu dogo, foleni imefika mlangoni na feni inavuma juu ya vichwa vya watu. Iondoe humo sauti moja tu, ile "s", uone kinachobaki: "uimeze". Ni Kiswahili safi. Upatanisho wa dawa na kitenzi umekaa sawasawa, hakuna kinachomshtua msikilizaji kwamba amekosa kitu, na mgonjwa anaondoka akiwa na hakika kwamba ameagizwa kumeza kile alichokatazwa.

Sauti hiyo ndiyo ambayo masikio mengi huipoteza mapema. Nguvu yake kubwa iko juu ya hezi 4,000, na huko juu ndiko usikivu unakoanza kupungua uzeeni, na hata kabla ya uzee kwa watu waliokaa miaka mingi kwenye mashine za kusaga nafaka au kuchana mbao bila kinga ya masikio. Irabu zetu tano zina nguvu zao katika masafa ya chini, kwa hiyo zinabaki. Mtu wa namna hii anasikia kwamba unasema, na anaufuata hata mpando na mshuko wa sauti yako. Kinachompotea ni konsonanti zinazotenganisha neno na neno. Wazee wanaoletwa kupimwa usikivu hutuambia sisi tunaowapima: "Mwanangu, nakusikia, ila sielewi unachosema." Watoto wao waliowasindikiza hutazamana, wakidhani akili ya mzee imeanza kuchoka, kumbe mzee ameeleza hali yake kwa usahihi kamili.

Na lugha yetu imeuweka ukanushi wake mahali pa hatari. "Ha" na "si" hukaa mwanzoni mwa kitenzi, ilhali mkazo tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kati ya "ataumia" na "hataumia" pana pumzi ya "h" tu. Mama anayeulizwa kama anakubali mwanawe afanyiwe upasuaji anaweza kusaini fomu, au kukataa kuisaini, kwa sababu ya pumzi hiyo iliyomezwa na kelele za wodi.

Mara tu mhudumu anapogundua kwamba mgonjwa hajasikia, hupaza sauti. Anafanya hivyo kwa nia njema, lakini anakuza kile ambacho mgonjwa tayari anakisikia. Anayepiga kelele huongeza nguvu za irabu, kwa kuwa ndizo zinazotoka kwenye nyuzi za koo. "S" ni hewa inayopenya kwenye meno. Haikui kwa kiasi hicho hata ukijitahidi vipi. Tena, sikio lililoharibika sehemu ya ndani huwa na tabia inayowashangaza wengi: sauti ndogo halisikii kabisa, lakini sauti ikipanda kidogo tu linaumia. Ndiyo maana bibi aliyekuwa anasema "sema kwa nguvu, mjukuu wangu" anageuka na kusema "mbona unanifokea?" Zaidi ya hayo, foleni nzima sasa imejua kwamba bibi ameandikiwa dawa ya fangasi na aiweke wapi.

Liko jambo linalosaidia, na lilipimwa zamani. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani, Picheny, Durlach na Braida, waliwasikilizisha watu wenye upungufu wa usikivu sentensi zilizosemwa kwa namna mbili: kama tunavyozungumza kila siku, na kwa kutamka wazi. Kutamka wazi kuliongeza maneno yaliyoeleweka kwa takriban pointi 17 za asilimia, na faida hiyo ilionekana hata sauti ilipowekwa katika viwango tofauti. Kutamka wazi maana yake ni kupunguza kasi kidogo, kuzimaliza konsonanti zote, na kutua baina ya fungu moja la maneno na jingine. Kukatakata silabi, "u-si-me-ze", hakumo, kwa sababu kunaua mwendo wa maneno ambao msikilizaji anautegemea kukisia alichokosa.

Mimi naongeza jambo jingine ambalo nalisisitiza kwa kila muuguzi ninayemfundisha: agizo la hatari lisiachwe kwenye silabi moja. Badala ya "usimeze", sema "Sukutua, halafu tema." Badala ya "hutakula usiku", sema "Mwisho wa kula ni saa mbili usiku. Baada ya hapo, kaa na njaa mpaka asubuhi." Maneno yameongezeka, na uwezekano wa kupotoka umepungua sana. Mgonjwa asipolisikia fungu la kwanza, la pili litamzindua.

Usitegemee midomo peke yake. Simama mbele ya kioo utamke bila sauti "baba", "mama" na "papa". Utaona midomo ikifanya kitu kile kile mara tatu. Hata hivyo, uso ni msaada mkubwa. Mwaka 1954, Sumby na Pollack walionyesha kwamba kumwona msemaji kunasaidia kuelewa maneno, na kwamba kelele zinavyozidi ndivyo msaada huo unavyokuwa na thamani zaidi. Barakoa za mwaka 2020 ziliwafunulia watu wengi kwamba walikuwa wakisoma midomo bila kujijua. Sasa barakoa zimepungua, lakini madirisha yetu ya huduma bado yamebandikwa matangazo usawa wa uso, na mhudumu bado anasema huku ameinamia kompyuta. Kubandua tangazo lililo mbele ya mdomo wa mtu hakuhitaji bajeti.

Umbali ndio adui nisiyemwona akitajwa vya kutosha. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6. Muuguzi anayesimama mlangoni na kuita "Asha Juma!" kuelekea watu sitini waliokaa kwenye mabenchi, amemwita yule aliye karibu naye. Mwenye usikivu hafifu huketi pale saa nzima akimtazama muuguzi mdomoni, akiogopa kwenda chooni, akiogopa hata kufungua simu, kwa sababu akikosa kuona jina lake likitamkwa atarukwa. Anafika kwa daktari akiwa amechoka, na baadhi yao hawafiki kabisa, huondoka. Dawa yake ni kadi yenye namba na ubao wa kuandikia namba inayofuata. Penye skrini, vizuri. Pasipo na skrini, chaki inatosha. Mgonjwa aliyejieleza mapema afuatwe alipokaa na kuguswa bega.

Hospitali zina deni maalumu hapa. Kwa miaka mingi wagonjwa wa kifua kikuu sugu walichomwa sindano za kanamycin, dawa iliyookoa maisha na ambayo pia huharibu chembe za kusikia ndani ya sikio, bila kurudi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuiondoa dawa hiyo katika matibabu ya ugonjwa huo, na sasa vidonge vimechukua nafasi yake. Lakini waliopona kwa sindano zile bado wako nasi na bado wanahudhuria kliniki. Mtu aliyepoteza usikivu wake kwa matibabu hastahili kufokewa dirishani kwa kuwa hasikii.

Asidhani mtu kwamba nazungumzia wachache. Ripoti ya Dunia kuhusu Usikivu, iliyotolewa na shirika hilo hilo mwaka 2021, ilihesabu watu zaidi ya bilioni 1.5 wenye upungufu wa usikivu wa kiwango fulani, na kati yao milioni 430 wanahitaji huduma ya utengamao. Wengi wao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwenye foleni yoyote ya hospitali ya wilaya wamo, na wengi hawatasema.

Hawatasema kwa sababu tumewalea hivyo. Daktari akimaliza maelezo huuliza, "Umeelewa?" Katika adabu zetu swali hilo lina jibu moja: "Ndiyo, daktari." Mzee hatamwambia kijana mwenye koti jeupe kwamba hakuambulia kitu. Atatikisa kichwa, atashukuru, na atakwenda kumuuliza jirani. Kwa hiyo swali lenyewe libadilike. "Mzee wangu, hebu nielezee utakavyoitumia dawa hii ukifika nyumbani." Hapo ndipo kosa linapojitokeza likiwa bado chumbani, kabla halijapanda daladala. Nikiambiwa nichague rekebisho moja tu lienezwe katika kila zahanati, ningechagua swali hili, mbele ya mashine yoyote.

Viziwi wanaotumia lugha ya alama wana haja nyingine, na hapa ndipo huduma zetu huchanganya mambo. Babu aliyeanza kupoteza usikivu akiwa na miaka sabini hajui alama hata moja. Kumwekea mkalimani ni kumwongezea mtu wa pili asiyemwelewa. Yeye anahitaji utulivu, uso unaoonekana na maandishi. Kijana aliyezaliwa kiziwi na kukulia Shule ya Viziwi Buguruni au Tabora ana lugha yake iliyokamilika, yenye sarufi yake. Ukimwandikia aya ndefu ya Kiswahili kwenye karatasi umempa lugha ya pili, tena aliyojifunza bila kuisikia kamwe. Atakamata maneno kadhaa na kuukosa uhusiano wake. Karatasi inafaa kwa namba, tarehe na jina la dawa. Habari ya saratani, ya ujauzito ulio hatarini au ya virusi vya UKIMWI inahitaji mkalimani.

Mkalimani huyo asiwe mtoto wa mgonjwa. Nimeona watoto wa shule ya msingi wakipewa kazi ya kumfasiria mama majibu ambayo hata mtu mzima yangemtoa machozi. Mtoto hupunguza ukali wa habari kwa huruma, au huruka asichokijua, na mama anabaki hana siri mbele ya mwanawe. Mkalimani akipatikana, akae kando ya daktari ili mgonjwa awaone wote wawili kwa mtazamo mmoja, na daktari amtazame mgonjwa na kusema naye: "Mama, maumivu yalianza lini?" Wengi husema "Mwulize yalianza lini," na mgonjwa, ambaye anaona kila kitu, anajua kwamba amegeuzwa mtu wa tatu katika ugonjwa wake mwenyewe.

Sheria hazituachi gizani. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania na Kenya zimeuridhia, unahesabu kuwa ni ubaguzi kukataa marekebisho yanayowezekana na yasiyo mzigo kupita kiasi. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Kenya imekwenda mbali zaidi: Katiba yake ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine inayomfaa, na ibara ya 120 inaifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Uganda iliitaja lugha ya alama katika Katiba yake ya mwaka 1995. Ni mambo ya kujivunia. Lakini mgonjwa hakutani na Katiba mapokezini. Anakutana na mhudumu, na mhudumu huyo hajaambiwa ampigie nani simu kiziwi akifika saa nane usiku. Kila hospitali ya wilaya iwe na orodha ya wakalimani wenye namba zinazopokelewa, na fungu la kuwalipa. Vyama vya viziwi, kama CHAVITA kwa Tanzania, vinawajua wakalimani hao. Waulizwe.

Kuna kundi jingine ambalo ndilo linalonitia uchungu zaidi, kwa sababu halina hata karatasi ya kuonyesha. Mtoto analetwa kupimwa kwa kuwa mwalimu anasema hasikilizi. Anaingia kwenye chumba kimya, anavishwa vipokea sauti, anabonyeza kitufe kwa kila mlio, hata ule mdogo kabisa. Majibu: usikivu ni wa kawaida. Mzazi anarudi nyumbani akiwa ameaminishwa kwamba mwanawe ni mtundu au mvivu. Lakini kipimo kile kiliuliza swali moja tu: je, sikio linapokea milio midogo mahali pasipo na kelele? Hakikuuliza kama ubongo unaweza kulichambua neno kutoka kwenye kelele, kushika maagizo matatu yaliyofuatana haraka, au kutofautisha "pata" na "bata" huku watoto wengine wakinong'ona.

Uchakataji wa sauti ni kazi ya ubongo, na unaweza kuwa na kasoro hata masikio yakiwa mazima. Katika miaka ya 1950 Ettore Bocca na wenzake wa Milano waliwapima wagonjwa wenye uvimbe kwenye ubongo, wakagundua kwamba waliosikia milio ya kawaida walishindwa maneno yalipoharibiwa kidogo. Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman wa Boston walionyesha kwa panya kwamba kelele kubwa inaweza kukata viungio kati ya chembe za kusikia na mishipa yake, huku kipimo cha milio kikirudi kuwa kizuri baada ya muda. Kwa maneno mengine, cheti cha usikivu wa kawaida si ushahidi kwamba mtu anaelewa katika kelele.

Na darasa letu ni kelele. Wataalamu wa sauti darasani wanapendekeza sauti ya mwalimu izidi kelele kwa desibeli 15 hivi ili mtoto aelewe bila taabu. Kiwango cha Marekani kinataka darasa tupu lisizidi desibeli 35. Sasa fikiria mwalimu anayesema kwa desibeli 65 akipimwa mita moja kutoka mdomoni. Kwa hesabu ile ya umbali, mtoto wa mita nane nyuma anabakiwa na 47 au zaidi kidogo, kwa msaada wa mwangwi ambao wenyewe unafifisha maneno. Dirisha halina kioo, barabara iko nje, paa ni la bati na halina dari. Mvua ikinyesha hakuna anayesikia, na mwalimu mwenye busara husimamisha somo. Lakini yuko mtoto ambaye kwake mvua hiyo hainyamazi hata siku ya jua.

Anachohitaji kinajulikana. Akae mbele, upande wa mbali na barabara. Mwalimu asizungumze huku akiandika na kuupa ubao uso wake. Maagizo yatolewe moja moja, na maneno magumu ya somo yaandikwe ubaoni kabla hayajasemwa. Mwenzake mwenye mwandiko mzuri amwazime daftari. Imla isiwe ndiyo kipimo chake cha tahajia, kwa sababu inapima kile kile kilichoharibika. Penye uwezo, kipaza sauti kidogo cha kuvaliwa na mwalimu, kinachopeleka sauti moja kwa moja kwenye sikio la mtoto, hufuta umbali wote ule. Na dari ya kawaida ya ubao laini humsaidia kila mwanafunzi darasani, na mwalimu pia, ambaye koo lake linaumia kila wiki.

Wataalamu wenzangu wanabishana kama kasoro ya uchakataji wa sauti ni ugonjwa unaojitegemea au ni sura mojawapo ya matatizo ya umakini na lugha. Ni ubishi wa haki. Vipimo vyake havimfai mtoto wa chini ya miaka saba hivi, na kipimo chenye maneno ya Kiingereza hakiwezi kumhukumu mtoto wa Mpanda anayewaza kwa Kiswahili. Ila sioni kwa nini mtoto akae nyuma ya darasa akisubiri sisi tumalize kubishana. Kumsogeza mbele hakuhitaji jina la ugonjwa.

Vifaa navyo visipuuzwe, wala visipewe sifa zisizo zao. Shimesikio hukuza sauti na huweza kurekebishwa kukuza zaidi yale masafa ya juu yaliyopotea, lakini hukuza na feni, na foleni, na redio ya mapokezi. Anayelivaa bado anahitaji uso wako na subira yako. Simu za kisasa huandika maneno yanaposemwa, na Kiswahili kimekuwamo katika huduma ya Google ya kuandika kwa sauti tangu mwaka 2017. Nawashauri wagonjwa waitumie. Namshauri pia daktari asome kilichoandikwa kabla mgonjwa hajaondoka, kwa sababu programu hizo nazo hukosea majina ya dawa, na zinaweza kuiangusha silabi ndogo ile ile ya ukanushi.

Nawaomba waganga wafawidhi na wakuu wa shule jambo moja. Kwenye jalada la kila mgonjwa na fomu ya kila mwanafunzi ongezeni mstari mmoja: "Unapenda tuwasiliane nawe kwa njia gani?" Jibu liandikwe mwanzoni, mahali ambapo mhudumu au mwalimu mpya ataliona kabla hajafungua mdomo: lugha ya alama, maandishi, sikio la kulia, chumba cha utulivu, polepole na uso kwa uso. Mwulizeni mwenyewe, hata akiwa mzee sana, hata akiwa mtoto, kisha mfuate alichosema.